Ng'ombe hamkuwataja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msanii wa kurap, nina miaka 24, naishi mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Mtaani kwetu wenyeji na watu waliokuja kufuata dhahabu hawaelewani. Maneno ni mengi, na mwaka jana nusura watu wapigane mapanga kisa foleni ya kisima. Shirika fulani limenipa kazi ya kutunga wimbo wa amani na umoja, na wameshanipa maneno ya kuweka: upendo, mshikamano, tuvumiliane. Washkaji wananicheka, wanasema hakuna wimbo uliowahi kubadilisha kitu, ni kula hela tu. Je, msanii ana nafasi gani kweli katika kubadilisha jamii na kuiunganisha? Na kama anayo, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hao washkaji zako, maana hawajakosea sana.

Tarehe 22 Aprili 1978, mjini Kingston, Jamaika, Bob Marley aliwaita jukwaani waziri mkuu Michael Manley na mpinzani wake Edward Seaga, akaishika mikono yao na kuiunganisha juu ya kichwa chake. Wakati huo wafuasi wa vyama vyao walikuwa wanauana mitaani. Picha ile imezunguka dunia nzima, na kila semina ya sanaa na amani niliyowahi kukaa imeonyeshwa. Kisichoonyeshwa ni kilichofuata. Vijana wawili wa magenge hasimu waliolianzisha wazo la tamasha lile, Claudius Massop na Bucky Marshall, wote walikuwa wameuawa kabla 1980 haijaisha. Na mwaka huohuo wa 1980, ambao ulikuwa wa uchaguzi, zaidi ya watu 800 waliuawa nchini humo.

Marley hakukosea. Tunaokosea ni sisi tunaoisimulia ile picha kana kwamba mikono ikishikana jukwaani basi kazi imekwisha. Walioshikana mikono ni viongozi. Bunduki zilibaki mitaani, na nyumba na ajira ziliendelea kugawiwa kwa kadi ya chama.

Na mimi nimeshaimba amani ya namna hiyo. Miaka mingi iliyopita kikundi chetu kilipelekwa kijiji kimoja cha Morogoro ambako wakulima na wafugaji walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mkoa ule una kidonda: Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa aina hiyo. Sisi tukaja na gari, spika na igizo letu la dakika arobaini. Mzee mkulima anagombana na mzee mfugaji, watoto wao wanapendana, mwisho wote wanakumbatiana na ngoma inapigwa. Wakulima walikaa mbele kwenye mikeka. Wafugaji walisimama nyuma kabisa, chini ya miti, wameegemea fimbo zao. Tulipomaliza, makofi yalitoka pande zote mbili. Nikajiona nimefika.

Tukiwa tunakunja nyaya, akaja bibi mmoja, kanga kaifunga kiunoni, akanishika mkono. Akasema: "Mwanangu, mmecheza vizuri. Ila ng'ombe waliokula mpunga wangu hamkuwataja."

Usiku ule hatukulala, tulibishana mpaka taa ikaisha mafuta. Kesho yake tukarudi uwanjani bila igizo. Tukawauliza tu: ng'ombe wakiingia shambani kinatokea nini? Tuonyesheni. Tukaomba wabadilishane, mkulima acheze mfugaji na mfugaji acheze mkulima. Mama mmoja wa shamba akachukua fimbo, akasimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili kaukanyagisha gotini, akatazama mbali kama anahesabu mifugo. Wafugaji walicheka mpaka wakajikuta wamesogea mbele. Tukaenda hivyo hadi mahali ambapo kesi inafika ofisini, tukakosa mtu wa kuwa ofisa. Akajitokeza kijana mmoja. Hakusema neno. Akakaa kwenye kiti, mkulima akaja na malalamiko yake, naye kwa mkono wa kushoto, taratibu, akavuta droo ambayo haipo. Akaifunga. Akaja mfugaji. Akaivuta droo ileile.

Uwanja ulilipuka. Walicheka wote kwa pamoja, kisha kikaja kimya ambacho sijakisahau. Mkulima siku zote alidhani mfugaji ndiye anayehonga ili asishtakiwe. Mfugaji naye alidhani mkulima ndiye anayehonga ili yeye atozwe faini. Kumbe droo ni moja.

Hawakuacha kugombana, nisikudanganye. Msimu uliofuata ng'ombe waliingia tena mashambani. Lakini nilisikia kwamba fidia walianza kulipana mbele ya wazee wa pande zote mbili, bila kupita kwenye ile droo.

Hapo ndipo naiona nafasi ya msanii. Mabadiliko huyafanyi wewe, na mioyo ya watu huiwezi; mtu ana moyo wake na sababu zake. Unachoweza ni kulichukua jambo ambalo kila mmoja analijua peke yake, analinong'ona kwake na mlango umefungwa, ukaliweka mahali ambapo kila mtu anamwona mwenzake naye akilijua. Baada ya hapo ni vigumu kujifanya halipo. Umoja, ukija, unapitia hapo.

Wala si maneno yangu tu. Mwaka 2004 Rwanda ilianza kurushwa tamthilia ya redio iitwayo Musekeweya, maana yake mapambazuko mapya. Ilihusu vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombana. Mwanasaikolojia wa Marekani, Betsy Levy Paluck, alifuatilia wasikilizaji wake kwa mwaka mzima, akawalinganisha na wengine waliosikiliza mchezo wa redio wa mambo ya afya. Matokeo aliyoyachapisha 2009 yaliwashangaza wengi: imani za watu za moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona kwamba jamii yao inakubali nini, na walichokuwa tayari kusema na kufanya mbele ya wenzao. Wasikilizaji wa Musekeweya walikuwa wepesi zaidi kutoa maoni yanayopingana na ya wengine.

Kuna kipande cha utafiti ule ninachokipenda kuliko takwimu zote. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio ya kaseti na kanda za mchezo, zawadi ya watu wote, halafu watafiti wakanyamaza kusikiliza watu wataamuaje itunzwe wapi. Waliosikiliza mambo ya afya, wengi walisema haraka: apewe kiongozi wa mtaa, basi. Waliosikiliza Musekeweya walianza kubishana. Mmoja anasema hivi, mwingine anampinga, mpaka wakakubaliana namna ya kuitunza wenyewe kwa pamoja. Mchezo wa redio haukuwafundisha upendo. Uliwazoesha kuambiana "hapana" bila kuchukiana, na wewe mwenye foleni ya kisima mtaani kwako nadhani unaelewa thamani ya hilo.

Sasa tuje kwenye wimbo, maana ndiyo kazi yako. Wasanii wawili tu.

Wa kwanza ni Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika ukoo uliopitia utumwa. Kazi yake ilikuwa ufinyanzi, akiuza vyungu. Taarabu enzi hizo iliimbwa kwa Kiarabu na ilikuwa starehe ya wakubwa. Alipoingia mjini akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay na wenzake kurekodi santuri. Walimbeza sura yake na kaniki aliyojia nayo mjini, naye akawajibu kwa wimbo, kwamba kilicho na maana ni akili. Lakini ninayemtaka hapa ni Siti wa wimbo wa Kijiti. Kijiti alikuwa mtu wa kweli. Alimuua mwanamke mjamzito, mgeni aliyetoka Dar es Salaam kuja kutembea Unguja, kisha akatoroka. Mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Mji mzima ulijua, ila nani angemwambia hakimu wa kikoloni kwamba kahukumu ndivyo sivyo? Siti akaimba. Akamtaja Kijiti kwa jina, akaitaja kesi. Watu wa Ng'ambo, ile mitaa ya wanyonge mjini Unguja, waliokesha wakimsikiliza walikuwa mchanganyiko wa kila asili, wajukuu wa watumwa kwa wajukuu wa mabwana. Neno "umoja" hakulihitaji. Walikuwa wamekaa mkeka mmoja wanatikisa vichwa kwa jambo moja.

Wa pili ni Remmy Ongala. Alizaliwa Kongo mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam 1978, na akiwa na bendi ya Super Matimila aliimba habari za wanyonge mpaka wakamwita Daktari. Ukimwi ulipoanza kuchinja watu, serikali na madaktari walikuwa na neno lao, kondomu, ambalo hakuna aliyeweza kulitamka mbele ya mkwewe. Remmy akaliita soksi. Redio ya taifa haikutaka kuupiga wimbo ule, lakini watu waliuimba kumbini na mitaani, na tayari walikuwa na neno la kutaniana nalo, na kwenye utani mambo mazito hupita. Tazama alichokifanya: hakuwafundisha watu kitu kipya kuhusu ugonjwa, aliwapa ulimi.

Na umuulize mshkaji wako yeyote aliyewahi kupanda daladala za Dar kituo kile cha Sinza kinaitwaje. Kwa Remmy. Mtu aliyekuja kutoka Kongo kutafuta maisha amekuwa jina la mahali wenyeji wanaposhukia. Ningekuwa na kesi yako ya wenyeji na wageni, hilo ningeliweka mfukoni.

Lakini kabla hujaandika, msome na msanii wa tatu, ambaye napenda kila mwanafunzi wangu amjue japo hakuna anayependa kumzungumzia. Simon Bikindi alikuwa mtunzi mkubwa wa Rwanda, mwenye kipaji cha kweli na kikundi cha ngoma kilichopendwa. Nyimbo zake alizozitunga kabla ya 1994 zilikuwa za umoja. Ndiyo, umoja: aliwahimiza Wahutu washikamane, wakumbuke mateso ya zamani. Redio ya chuki ya RTLM ilizipiga tena na tena wakati wa mauaji ya kimbari. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa hapa kwetu Arusha ilimhukumu miaka 15 tarehe 2 Desemba 2008. Ukiisoma hukumu utaona haikumfunga kwa nyimbo zile. Ilimfunga kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani, Juni 1994, akihimiza watu wauawe. Lakini majaji waliona kwamba nyimbo zilitumika katika kampeni ya chuki, ingawa haikuthibitika kwamba yeye ndiye aliyezipeleka hewani.

Kwa hiyo ukisikia "umoja", uliza: dhidi ya nani? Andika beti zako, kisha pitia kila mahali uliposema "sisi" na "wao". "Sisi" yako ikiwa ni wenyeji peke yao, au wageni peke yao, umeshaanza kutunga wimbo mwingine bila kujua. Katika ile hadithi ya droo, "sisi" walikuwa watu wote wenye malalamiko, na hakuna kabila lililotajwa.

Haya, maneno ya shirika. Usiwadharau. Wana nia njema na wana ripoti ya kuandika, na "upendo" na "mshikamano" vinakaa vizuri kwenye ripoti. Kula hela ya kazi yako si dhambi hata kidogo, na mkataba uwe wa maandishi, unasema wimbo ni mali ya nani. Tena jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama bado, usije ukapigwa stopu kwa sababu ya karatasi wakati ulijiandaa kupigwa kwa sababu ya ukweli. Lakini msanii kupewa maneno si jambo jipya nchini kwetu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walieneze, na Mathias Mnyampala akazikuza ngonjera, zile za watu wawili kubishana kwa mashairi. Sisi tulizikariri shuleni, tumepanga mstari, kila mtoto katoka kabila lake. Sizibezi, sehemu ya Kiswahili changu imetoka mle. Tatizo lake lilikuwa moja: mmoja wa wabishani daima alikuwa mjinga, na mwisho lazima akubali. Hadhira ilijua tangu ubeti wa kwanza nani atashinda.

Hilo umbo lichukue, udhaifu wake uache. Rap ni ngonjera tayari. Weka mwenyeji kwenye ubeti wa kwanza na mgeni kwenye wa pili, kila mmoja na hoja yake nzito kweli, yenye vitu: saa alizofika kisimani, ndoo ngapi, nani alimruka. Asiwepo mjinga kati yao. Kama huwezi kuandika ubeti wa mgeni ukamfanya mwenyeji anyamaze kidogo, basi hujamsikiliza mgeni bado, rudi ukamsikilize.

Na kusikiliza ndiko kuanza. Mwaka 1977 Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika tamthilia kwa Kigikuyu, wakaipeleka kwa wanakijiji wenyewe. Wafanyakazi wa viwandani na vibarua wa mashambani wakaisahihisha: sisi hatusemi hivyo, mshahara ule haukuwa huo. Ikachezwa wiki chache, serikali ikafuta kibali, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima, na 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Serikali haibomoi jukwaa la watu wanaoimba "tupendane". Kwenu Kanda ya Ziwa nako kuna mfano mpole zaidi: 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando, walikwenda Malya, Mwanza. Badala ya kuleta mada kutoka mjini, walikaa na wanakijiji mpaka wenyewe wakaitaja: mimba za wasichana. Ikasemwa kwa ngoma za pale, ikiwemo wigashe ambayo Wasukuma huicheza wakiwa wameketi. Waulize bibi zako kama wanaikumbuka wigashe, huenda ukapata mdundo ambao hakuna anao.

Suala la hatari sitalikwepa. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake, kisha akaachiwa haraka, na waziri akatangaza kwamba rais ameupenda na anashauri aongeze mistari kuhusu wakwepa kodi na wengineo. Kukamatwa kunatisha, kila mtu anajua. Kusifiwa na mkubwa nako kuna hatari yake ya kimyakimya, maana kesho yake watu wanaanza kujiuliza mistari yako imetoka kwa nani. Kwa kazi yako hii ya mtaani, mwenyekiti wa mtaa akiupenda sana wimbo, usome tena.

Kwa hiyo wiki hii usiingie studio. Nenda kisimani alfajiri, na ndoo yako, upange foleni kama wengine, siku tatu au nne. Usirekodi mtu kwa simu bila kumwambia. Sikiliza wanachosema wakidhani hawasikilizwi, na hasa sikiliza wanapopunguza sauti, kwa sababu huwa kuna mtu kapita. Ukipata ubeti mmoja, uimbe kijiweni bila mdundo, uangalie nani anacheka na nani anatazama pembeni. Wakicheka wenyeji peke yao, futa. Kiitikio wape shirika, waweke upendo wao, kinaweza kuwa kitamu kweli. Beti zibaki zako.

Kisha niandikie tena, maana barua yako imeacha jambo moja nililolitafuta mara mbili. Umeniambia foleni, umeniambia mapanga. Ufunguo wa kile kisima anao nani, na ndoo moja analipwa shilingi ngapi?